Mkopo Uje Mwisho

Morogoro, Jumapili, 5 Januari 2025

Nafungua daftari hili kwa jambo moja tu: nyumba ya kupangisha. Ya kuishi tunayo, ile ambayo mume wangu alipewa na baba yake. Ninachotaka sasa ni vyumba vinne, kila kimoja na choo chake ndani, vya wanafunzi na wafanyakazi vijana. Wapangaji mji huu haujawahi kuwakosa. Kuna Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna Mzumbe nje kidogo ya mji, kuna hospitali na viwanda. Tena tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati yetu na Dar es Salaam, Juni 2024, wapo wanaofanya kazi kule na kurudi kulala huku.

Tulicho nacho: akiba ya milioni 4 kwenye SACCOS ya kazini. Milioni 6 na nusu kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT. Na baada ya ada, chakula, nauli, na kile kinachokwenda kwa wazazi wa pande zote mbili, tunaweza kutenga shilingi 350,000 kwa mwezi.

Kabla shilingi yoyote haijatoka, nataka niwe na majibu ya maswali matatu. Ardhi ni ya nani? Pesa ni ya nani, na inataka irudi lini? Mpangaji ni nani, na anamudu kulipa nini? Kazini hatumchomi mgonjwa sindano bila kusoma jina lake kwenye faili. Sioni kwa nini pesa ya watoto wangu ipate uangalizi mdogo kuliko huo.

Jumapili, 19 Januari

Nimeanza na swali la pesa, maana ndilo watu wanaloliruka. Kila ninayezungumza naye ananiambia "kakope tu, watumishi mnakopesheka." Kukopesheka ni kweli. Mshahara wangu unapita benki, na mkopeshaji anaukata kabla sijauona.

Nimeletewa makadirio mawili ya mkopo wa milioni 10 kwa miezi 36. Yote mawili yameandikwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Nimekaa nayo jioni yote na kikokotoo.

La kwanza, riba inahesabiwa juu ya mkopo wote mpaka siku ya mwisho, hata ukiwa umeshalipa nusu. Kila mwaka milioni 1.8, mara tatu, milioni 5.4. Jumla ya kurudisha ni 15,400,000, yaani kama 427,800 kwa mwezi.

La pili, riba inahesabiwa juu ya salio linalopungua. Rejesho la mwezi ni kama 361,500. Jumla inakaribia 13,015,000.

Asilimia ileile, karatasi mbili, na tofauti ya karibu milioni 2 na laki 4. Hizo ni bati za nyumba nzima. Kuanzia leo, mtu akinitajia riba nitamuuliza inahesabiwa juu ya nini. Kisha nitamuuliza ada ya maombi ni kiasi gani, bima ya mkopo ni kiasi gani, na nikilipa mapema natozwa nini. Mkopeshaji akinipa jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi, nitaongea naye. Akikataa kunipa, nitaaga kwa heshima.

Ile mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu haiingii kabisa kwenye mpango huu. Nimewaona wanawake wakiletwa kliniki na presha ya kufukuzwa na wadai.

Jumamosi, 8 Februari

Nilimuuliza Baba mkwe kwa nini kizazi chao hakikujenga nyumba nyingi za kupangisha. Alinijibu kwa mwaka mmoja tu: 1971. Mwaka huo Serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo, na nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Hata waliokuwa na vinyumba vidogo, ambao sheria haikuwagusa, walijifunza kutulia. Baadaye kazi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lile lililoanzishwa 1962.

Akaongeza jambo ambalo sikulijua vizuri. Zamani palikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, benki ya kukopesha watu wajenge. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikafa katikati ya miaka ya 1990. Baada ya hapo mwananchi wa kawaida hakuwa na mahali pa kupata mkopo wa nyumba wa miaka mingi. Sheria ya mikopo ya nyumba ilikuja 2008, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanaonunua na kujenga nyumba.

Hapa nimeanza kuuona mji kwa macho mengine. Benki inakopesha pesa za wenye akaunti, na wenye akaunti wanaweza kuzitaka kesho. Pesa ya namna hiyo haina subira. Inataka kurudi ndani ya miaka mitatu, minne, sita. Nyumba inakaa miaka hamsini na inajilipa polepole. Ndiyo maana watu wetu wanajenga kwa tofali moja moja. Mtu akipata laki mbili ananunua mifuko ya saruji, anafyatua tofali, anazipanga uwanjani. Wageni huliona rundo lile wakadhani ni uzembe wa kutomaliza. Mimi naona akiba. Tofali haliombwi na shemeji, na saruji ikipanda bei thamani yake inapanda nayo.

Pesa ina umri. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa nyuma ya jalada.

Jumapili, 2 Machi

Leo hesabu ya vyumba vyenyewe. Nimetumia bei nilizotajiwa na watu wanaojenga na kupangisha upande wa Mkundi na Kihonda, nikachukua zile za katikati.

Kiwanja kilichopimwa: milioni 6.
Ujenzi wa vyumba vinne hadi mtu aingie na begi lake: milioni 26.
Jumla: milioni 32.

Kodi ya chumba: 80,000 kwa mwezi. Vinne ni 320,000. Nikihesabu miezi kumi na miwili napata 3,840,000 na moyo unafurahi. Lakini wanafunzi hufunga chuo, watu huhamishwa kazi, chumba hupakwa rangi. Nimehesabu miezi kumi: 3,200,000.

Toa asilimia 10 ya matengenezo: 320,000.
Toa asilimia 10 ya kodi ya mapato ya pango inayokwenda TRA: 320,000.
Kinabaki 2,560,000 kwa mwaka.

Gawa kwa milioni 32. Asilimia 8.

Nimeirudia hesabu, jibu ni lile lile. Nyumba inanipa asilimia 8 kwa mwaka, na benki inataka asilimia 18. Kila shilingi ninayoikopa kujengea vyumba hivi inanigharimu zaidi ya mara mbili ya inachozaa. Nikikopa milioni 26 zote, kodi ya wapangaji haitatosha hata riba ya mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo ule usemi kwamba "nyumba itajilipa mkopo wake" si kweli kwa riba hizi na kodi hizi. Mkopo utalipwa na mshahara wangu. Nyumba itasaidia. Anayetaka kunishauri nikope aanzie kwenye ukweli huo, kisha tuzungumze kama mshahara unabeba.

Je, nikikopa kwa muda mrefu? Milioni 10 kwa asilimia 18, salio linalopungua, miaka 15: rejesho linashuka hadi kama 161,000 kwa mwezi. Linabebeka. Lakini jumla nitakayorudisha inakaribia milioni 29. Muda mrefu unapunguza uzito wa mwezi na kuongeza uzito wa maisha. Dawa yake ni riba kushuka, na hilo haliko mikononi mwangu.

Mume wangu ameisoma hesabu, akauliza swali la haki kabisa: "Kwa nini basi tusinunue hatifungani?" Hatifungani za Serikali za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12, riba inaingia kila miezi sita, na unaanza na milioni moja tu. Nimemjibu hivi: riba ya hatifungani imefungwa siku uliyonunua, ilhali kodi ya chumba hupanda kadiri maisha yanavyopanda, na ardhi ya mji unaokua hupanda pia. Lakini jibu langu linasimama tu kama tumejenga kwa pesa yetu. Tukijenga kwa pesa ya benki, yeye ndiye mwenye hoja.

Jumamosi, 22 Machi

Swali la ardhi. Nimeazima Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kwa binti wa jirani anayesoma sheria, na amenisaidia kuisoma.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tunachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda. Hati huwa ya miaka 33, 66 au 99, na kila mwaka kuna kodi ya ardhi ya kulipa. Ardhi ya vijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka huohuo, na taratibu zake hazifanani na za mjini. Mtu anayenunua shamba la kijiji kwa mawazo ya kiwanja cha mji anaingia mlango usio wake.

Nimejiandikia ngazi za karatasi:

Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Inathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana mbele ya mashahidi. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na kitu cha kuuza.

Leseni ya makazi. Inatambua umiliki wa muda mfupi katika maeneo yasiyopimwa.

Hati miliki. Imesajiliwa, ina ramani, ina namba, na yeyote anaweza kuomba upekuzi kwa Msajili wa Hati akajua jina lililoandikwa na kama kuna rehani au zuio juu yake.

Dalali alinipeleka kuona kiwanja kizuri cha milioni tatu na nusu. Muuzaji ni mmoja wa watoto wa marehemu. Nikauliza, "Msimamizi wa mirathi ni nani?" Dalali akasema, "Dada, hawa ni ndugu, wameelewana." Ndugu wakielewana ni heri, lakini bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hakuna mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Mtoto aliyeko mbali akirudi, mgogoro utanikuta mimi niliyejenga. Nimeshukuru, nimeondoka.

La pili la kukumbuka ni ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mume au mke asiuziwe wala kuwekewa rehani nyumba ya familia bila ridhaa yake. Kwa hiyo nikinunua kwa mtu aliyeoa, nitataka mke wake akae nasi, asome, atie saini. Sitaridhika na saini iliyoletwa kutoka chumba cha pili. Kuna wanawake wanaolia kwenye mabaraza ya ardhi leo kwa sababu mnunuzi hakuuliza. Sitaki vyumba vyangu visimame juu ya machozi ya mtu.

Jumapili, 13 Aprili

Masika imekolea, na nimechagua wiki hizi makusudi kwenda kutazama viwanja. Kiangazi kila kiwanja ni tambarare na kila dalali ni mkweli. Mvua ndiyo inayokuonyesha maji yanaingilia wapi, yanalala wapi, na kama bodaboda itakufikisha.

Milima ya Uluguru ikinyeshewa, maji yote yanashuka kwetu. Kiwanja kimoja kilikuwa kizuri kwa bei, lakini mzee anayeishi jirani, baada ya shikamoo na kunikaribisha kibarazani, alinionyesha ukutani kwake alama ya mahali tope lilipofika. "Binti yangu, hapa panauzwa kila kiangazi," alisema. Sikuhitaji mtaalamu mwingine.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hifadhi ya barabara kuu nayo ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga ndani ya mipaka hiyo, siku alama ya X ya kubomolewa ikichorwa ukutani huna pa kudai fidia. Nimenunua futi ndefu ya kupimia. Hatua za miguu za dalali zina mita ndefu kuliko zangu.

Kiwanja kilichonivutia kiko Mkundi, mita za mraba 600, kimepimwa, vigingi vinaonekana, na hata kwenye mvua hii maji yalipita pembeni bila kusimama. Bei ni ileile milioni 6. Muuzaji ana hati yenye jina lake. Nimechukua namba ya kiwanja na kitalu kwa ajili ya upekuzi.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Habari kubwa kwetu watumishi: kima cha chini kwa sekta ya umma kimepandishwa kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Wadi nzima ilikuwa inazungumzia mikopo kabla hata ya kuzungumzia chakula. Kuna kanuni kwamba makato hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, mtumishi abaki na theluthi moja. Wengi wetu tunaiona kama kikwazo na tunaomba nyongeza ili tukope tena mpaka tuufikie mpaka. Mimi naiona ni ukuta uliojengwa na mtu aliyetupenda.

Jioni nilikaa na muuguzi mwenzangu, binti aliyeajiriwa juzi, anayetafuta chumba. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Kwa chumba cha 80,000 hiyo ni 560,000 kabla hajanunua godoro. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inamkata asilimia 15 ya mshahara. Amekopa ili apange.

Nimelala nikilifikiria. Kodi ya miezi sita ni mkopo usio na riba ambao mpangaji anampa mwenye nyumba, na anautoa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko anayeupokea. Naelewa inakotoka: mwenye nyumba naye hana mahali pa kupata pesa ya muda mrefu, kwa hiyo anaitafuta kwa mpangaji. Lakini mzigo umeangukia bega dogo.

Nimeamua: vyumba vyangu vitalipiwa kila mwezi au kila miezi mitatu, mpangaji achague. Mkataba utaandikwa, kila mmoja atabaki na nakala, na kila chumba kitakuwa na mita yake ya umeme ya LUKU ili pasiwe na ugomvi wa nani kapiga pasi. Chumba cha masharti ya kubebeka hakikai wazi muda mrefu, na mwezi mmoja wa chumba kuwa wazi unanigharimu zaidi ya faida yote ya kupokea mkupuo. Haki na hesabu hapa zinasema neno moja.

Kumbukumbu: kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Nikiweka mita nne, nihakikishe sikatwi mara nne kwa jengo moja.

Jumamosi, 14 Juni

Nimezunguka na fundi anayeheshimika, niliyempata kwa kuwauliza watu waliokwisha kuhamia kwenye nyumba alizojenga. Kila mtaa una maboma. Kuta zimefika kwenye linta, majani yameota sebuleni, madirisha ni matundu. Fundi anazijua historia zake: huyu alistaafu, huyu mkopo uliishia hapa, huyu alianza kubwa mno.

Karibu wote wanafanana kwa kitu kimoja. Walikopa mwanzoni. Pesa ikaenda kwenye msingi, kuta na nondo, vitu ambavyo havipangishwi. Makato yakaanza mwezi uliofuata, miaka mitatu mfululizo, na kwa sababu ya makato hakukuwa na pesa ya kupaua. Mkopo ukaisha, boma likabaki. Fundi anasema kumalizia, yaani plasta, dari, vigae, milango, mabomba, umeme, shimo la maji taka, kunaweza kula pesa sawa na yote iliyotangulia. Wanaoanza hawaamini.

Nikamuuliza: tukijenga viwili kwanza, kwenye ramani ya vinne? Akasema inawezekana, mradi ramani ichorwe nzima, kibali cha ujenzi kiombwe kwa vyote vinne, na shimo la maji taka lichimbwe la vyote. Viwili vya mwanzo vitagharimu kama milioni 14, kwa sababu vinabeba vitu vya pamoja.

Makubaliano yetu yatakuwa haya: vifaa nanunua mwenyewe, ufundi nalipa kwa hatua, na hatua hailipwi kabla haijakaguliwa. Naye hakuona vibaya. Alisema wateja wa namna hiyo hawamgombezi mwishoni.

Jumapili, 6 Julai

Benki Kuu imeshusha riba yake wiki hii, kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Mwenzangu kazini amenipigia akishangilia, akidhani mikopo itashuka kesho. Riba hiyo ni ya kuongoza soko la fedha kati ya benki zenyewe. Kuna safari ndefu kutoka hapo hadi karatasi yangu, na njiani kuna hofu ya benki kutolipwa, gharama za kuendesha matawi, na ile pesa fupi ya wenye akaunti. Naifurahia, lakini mpango wangu hautaisubiri.

Tumekuwa na kikao cha familia. Mdogo wangu anataka kuingia na milioni 3. Nampenda na namwamini, na ndiyo sababu nimetaka tuandike. Hati ya watu wawili inaweza kuwa ya namna mbili. Kuna umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambapo mmoja akifa, aliyebaki anachukua chote. Kuna umiliki wa hisa, ambapo kila mmoja ana sehemu yake na sehemu hiyo inarithiwa na watoto wake. Namna ya kwanza inaweza kuwafaa mume na mke. Dada wawili wenye watoto tofauti wanahitaji ya pili, na sehemu ziandikwe kwa asilimia. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akasema, "Dada, mimi nilidhani tunaaminiana." Nikamwambia tunaaminiana sisi. Karatasi ni ya watoto wetu, ambao siku hiyo tutakuwa hatupo kuwasuluhisha.

Amekubali, ila ameomba aingie awamu ya pili, vile vyumba viwili vya nyuma. Hilo ni jema zaidi.

Jambo jingine tumelifunga: nyumba tunayoishi haiwekwi rehani. Sheria inahitaji ridhaa ya wote wawili, na sote wawili tumesema hapana.

Jumamosi, 9 Agosti

Upekuzi umerudi. Jina ni la muuzaji, hakuna rehani, hakuna zuio, na kodi ya ardhi imelipwa. Mke wake amekuja na kusaini mbele ya wakili. Malipo yatapita benki, akaunti kwa akaunti, na nimeitengea pembeni ile asilimia 1 ya ushuru wa stempu pamoja na ada za uhamisho.

Mpango, kama nitakavyoufuata:

Kwanza, kiwanja kwa pesa taslimu kutoka Mfuko wa Ukwasi. Laki tano inayobaki ni ya ada na stempu. Hakuna mkopo.

Pili, miaka miwili na nusu ya 350,000 kwa mwezi, kama milioni 10 na nusu. Pesa ikae kwenye mfuko ikizaa, itoke kwa hatua: msingi, kuta, kupaua. Nyongeza ya mshahara ikija, iende humo kabla haijapata matumizi. Hakuna mkopo.

Tatu, jengo likishapauliwa na kinachobaki ni kumalizia, ndipo niende SACCOS. Akiba yangu ya milioni 4 inaniruhusu kukopa hadi mara tatu yake. Kwa riba yao ya asilimia 12, salio linalopungua, milioni 12 kwa miaka mitatu zingenikata karibu 400,000 kila mwezi. Nitaomba milioni 4 tu, miezi 24. Rejesho ni kama 188,300 kwa mwezi, na riba yote haifiki laki 5 na 20.

Vyumba viwili vinaingiza 160,000 vikiwa na watu. Mshahara unaongeza 28,300. Vikikaa vitupu, mshahara unabeba zote bila watoto kukosa ada. Hapo ndipo pesa fupi inapofaa: kazi inayomalizika kwa miezi miwili mitatu, na mapato yanaanza karibu sawa na makato. Mkopo uleule ukichukuliwa kwenye msingi ungeniacha nikilipia kuta za mvua. Ukichukuliwa kwenye vigae na milango, una mpangaji upande wa pili wa mlango.

Nne, mkopo ukiisha, kodi ya vyumba viwili na milioni 3 za mdogo wangu zianze vile viwili vya nyuma, kwa utaratibu uleule.

Kwa hesabu hii vyumba vinne vitakamilika nikiwa nakaribia miaka hamsini. Kuna njia za haraka zaidi, na nimezipima moja moja humu ndani. Zote zinaomba niweke rehani kitu ambacho si changu peke yangu: paa la watoto, ridhaa ya mume wangu, au utulivu wa mpangaji. Hii haiombi hivyo. Jumatatu saa tatu asubuhi naenda benki kufanya uhamisho wa malipo ya kiwanja, na mume wangu ameomba ruhusa kazini ili twende pamoja.